Kihisi Namba Kumi na Saba

Juu ya Lebskari, Svaneti, kaskazini mwa Jojia,
mlima unatambaa. Milimita nne kwa wiki,
sita theluji ikiyeyuka.
Hauna haraka. Unajua tulipo.

Tulizika vihisi arobaini na kimoja mteremkoni,
mimi na Iveri, vidole vimekufa ganzi.
Kila kimoja na betri yake, na sauti isiyofika mbali:
mita themanini; tisini, hewa ikiwa kavu.
Kwa hiyo kila mmoja humnong'oneza jirani,
jirani humnong'oneza jirani,
mpaka neno lifike langoni,
kisanduku cha bati juu ya paa la shule.

Watu wa hapa waliijua hesabu hii zamani.
Kila ukoo na mnara wake wa mawe, kila mnara na moto wake:
wa juu akiwasha, wa kati akaona, wa chini akakomea mlango.
Na mnara ulionyamaza usiku wa maadui
haukuulizwa kama kuni zilikuwa mbichi.

Machi, Kumi na Saba akaanza kujinadi.
*Pitieni kwangu. Mimi na lango ni pua na mdomo.*
Wakamwamini. Mbona wasimwamini?
Njia ya mkato ni tamu kwa mwenye betri ndogo.
Wakampa walichonacho: unyevu, mwinamo, mtetemo.
Akapokea vyote. Akashukuru kwa kila kimoja.
Hakupeleka hata kimoja.

Siku tatu skrini yangu ilionyesha mlima mtulivu.
Siku tatu nililala usingizi wa pono.
Siku ya nne Mzekala, mfagiaji wa shule, akaja na ufagio mkononi:
"Mlango wa ghala la kuni umegoma kufunga.
Jana ulifunga."

Nani alimfukua Kumi na Saba, akambadili moyo, akamfukia tena,
hatujui.
Nywila alikuwa nayo, halali kabisa.
Kikulacho ki nguoni mwako;
safari hii ilikuwa nguo yenyewe.

Nikaandika upya. Sikuwaongezea siri,
niliwafundisha kutega sikio.
Ukishampa jirani neno, usisinzie.
Je, amelisema mbele? Umelisikia mwenyewe?
Akilisema, mwongezee punje.
Asipolisema, mpunguzie kiganja.
Na akija wa pembeni kukuchongea mwenzako,
mpime kwanza anayechonga.

Usiku wa pili wakamtenga Ishirini na Tatu.
Punje zake zote zimekwisha, hakuna anayepitia kwake.
Iveri akapanda na koleo, akarudi ndevu zimeganda:
"Barafu imemfunika mpaka kichwani.
Alikuwa akisema muda wote."

Kuna namba moja katika programu hii,
ndogo, baada ya nukta:
kiasi gani cha jana kisahauliwe kila alfajiri.
Ikizidi, mwongo anarudi amenawa uso.
Ikipungua, aliyeteleza mara moja
anazikwa na doa lake.

Mama alipolazwa Zugdidi, barabara ilikuwa imefungwa na theluji.
Maneno yangu yote yalipitia kwa kaka yangu Zviad.
"Nimemwambia," alisema. "Nimempa."
Muuguzi ndiye aliyenieleza, baada ya mazishi:
mama aliuliza mpaka mwisho
kama simu yangu imeharibika.
Miaka sita. Sijamuuliza Zviad
alikuwa amefunikwa na nini.

"Umeweka ngapi?" Iveri anauliza, anachochea jiko.
Sijaweka. Kishale kinapepesa.

Huko juu, gizani, Ishirini na Tatu anasema,
kwa sauti ya aliyetoka kuugua:
*nipo, mwinamo digrii mbili na nusu.*
Thelathini amelichukua, amelisema mbele.
Ishirini na Tatu ametega sikio, amelisikia likienda.
Amemwandikia punje.
Na Thelathini naye, baada ya kusita,
amemwandikia yeye moja.